Jinsi Nilivyoituliza Tela Iliyokuwa Ikiyumba

Pikapu yangu inaruhusiwa kuvuta kilo 3,500 kwa tela yenye breki, na tela yangu pamoja na mahindi haikuzidi kilo 1,600. Hata hivyo, kila mwendo ulipofika kilomita 80 kwa saa iliyumba kiasi cha kuwahatarisha waliokuwa wakipishana nasi. Kwa kuwa uzito wa jumla ulikuwa sawa, nilichunguza uzito unaokandamiza kiungio cha nyuma ya gari. Kwenye sakafu tambarare ya ghala nilizuia magurudumu ya tela, nikaifungua, kisha nikaegemeza ncha yake juu ya mizani ya magunia, kwa kimo kilekile cha kiungio. Zilionekana kilo 70 tu, ilhali kwa tela ya aina hii hupendekezwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, yaani kilo 160 hadi 240. Magunia mengi yalikuwa nyuma ya ekseli. Tulipoyasogeza mbele, mizani ilionyesha kilo 180, na tela ikatulia kabisa.

Kabla ya safari nilihakiki pia kibati cha kiungio kinachoonyesha uzito kinaoruhusiwa kubeba, maana kikomo hicho kinaweza kuwa kidogo kuliko cha gari, nikapunguza mizigo ya bodi, kwani kilo hizo 180 huhesabiwa pamoja na abiria na shehena ya pikapu yenyewe.