Taa ya cheki injini imezima, kumbe ni mpira wa hewa tu

Wiki tatu jamani nimehangaika na hii taa. Iliwaka nikiwa foleni ya Ubungo, gari ikisimama silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda inashuka yenyewe, mara 900 mara 1400 kwa dakika, na mafuta inakunywa kuliko kawaida. Fundi wa kwanza akapima, ikatoka kodi ya kosa P0171, akasema sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi wa injini, imekufa leta hela tubadilishe. Nikamwambia fundi ngoja kwanza.

Maana P0171 haisemi sensa imekufa, inasema hewa nyingi mafuta kidogo, na sensa ndo imetoa hiyo taarifa!

Nikaazima kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani kinasoma kwenye simu, nikaangalia trimu ya mafuta, yaani kompyuta inaongeza mafuta asilimia ngapi. Kwenye silensa +24. Nikakanyaga mpaka mizunguko 2500, trimu ikashuka +5. Hapo nikajua kuna hewa inaingia kwa njia za panya, kwa sababu kwenye silensa throtoli (mlango wa hewa ya injini) imefungwa na injini inavuta kwa nguvu, katundu kadogo tu kanaharibu hesabu yote, ila ukikanyaga hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi haionekani sana. Ingekuwa pampu ya mafuta imechoka, kawaida namba ingepanda ukikanyaga.

Nikaenda kwa mzee mmoja ana gereji ya chini ya mwembe. Hakupuliza karbureta klina (dawa ya kopo) kutafuta tundu, alisema injini ikiwa ya moto ile kitu inalipuka moto, akachukua koleo akawa anabana mipira mmoja mmoja injini ikiwa inaunguruma. Alipobana ule wa kupumulia, unaotoka kwenye kava la tapeti (mfuniko wa juu wa injini) kwenda manifoldi (njia ya hewa ya kuingia injini), silensa ikatulia tuli. "Weka kidole hapa chini kijana wangu." Nikaweka, ngozi ikavutwa.

Tukauchomoa. Juu mzima kabisa, chini kwenye kona ufa wa urefu wa kucha, ukiukunja unafunguka, mpira umekuwa mgumu kama plastiki na ndani unanata oili. Mpya elfu 15. Chukueni wa kuhimili oili, msifunge wa maji, huo unalainika unajibana wenyewe.

Tukafuta ile kodi ya kosa kwenye kompyuta, trimu ikarudi +3. Leo siku ya sita, foleni ile ile ya Ubungo, silensa 750 imetulia.