Bandeji ya kijani
Wiki ya tatu sasa ninamwosha mama kidonda cha mguu hapa Moshi, na bandeji ya jana ilitoka na ukijani wenye harufu tamutamu, ambao muuguzi aliutambua hata kabla ya majibu ya maabara: Pseudomonas aeruginosa. Bakteria hawa huwasiliana kwa molekuli ndogo wanazozitoa, na zikishalimbikizana, bakteria hushambulia kwa pamoja. Lililonishangaza zaidi ni kwamba mojawapo ya molekuli hizo hupenya ndani ya seli zetu za kinga, ikazuia limfosaiti (aina moja ya seli hizo) zisiongezeke na kuzisukuma nutrofili (aina nyingine) zijiue, ingawa mwili nao (haukulala!) una vimeng'enya viitwavyo paraoksonesi vinavyoivunja. Kesho mama anaanza dawa nyingine.