Shaba Iliyochoka

Baba mdogo hakuwahi kuipenda bunduki. Miaka yote niliyokaa naye Boise, Idaho, akiniona mezani na baruti na vipimo vyangu alikuwa anapita kimya. Jioni ile ya Septemba aliingia gereji kutafuta koleo, akanikuta nimeshika ganda la risasi, la saba kupasuka shingo.

Nilikuwa natengeneza maganda ya .35 Whelen Ackley Improved kwa msimu wa kuwinda elki, paa wakubwa wa huku. Dukani huyakuti. Huku risasi ya namna hiyo huitwa paka-mwitu: hakuna kiwanda kinachoifuga, unaitoa mwenyewe katika ganda la risasi nyingine. Nilianzia na .30-06, iliyoingia jeshi la Marekani mwaka 1906, maana maganda yake yamejaa kila uwanja wa shabaha. Kwanza shingo inapanuliwa kutoka milimita 7.8 hadi 9.1. Kisha ganda linafyatuliwa ndani ya bunduki yenyewe, bega, ule mteremko ulio chini ya shingo, lisimame kwa nyuzi 40 kama alivyotaka fundi P. O. Ackley. Nilipaka mafuta, nikashusha mkono wa presi polepole, na bado nikasikia tik. Ufa mwembamba kama unywele, kutoka mdomoni mpaka begani.

Alinipokonya lile ganda, akapitisha ukucha juu ya ufa.

"Limefyatuliwa mara ngapi hili?"

"Sijui, Baba. Mara nyingi."

"Basi limechoka. Shaba ukiisumbua sana inakuwa ngumu. Lirudishe motoni, mwanangu."

Alikereza shaba Lubumbashi miaka 22, enzi mkoa wote ukiitwa Shaba, na mimi sikuwa nimewahi kumuuliza neno hata moja juu ya kazi ile.

Nikamwambia kitako kisiguswe na moto: ndicho kinachobeba nguvu ya mlipuko, kikilainika ni hatari kwa mpigaji. Akafikiri kidogo, akaagiza sinia la maji. Tukayasimamisha maganda 13 yaliyobaki, maji yakafika nusu. Akazima taa ili aione rangi, akawasha gesi. Buluu ikatambaa kutoka mdomoni kushuka begani, na kabla shingo haijawa nyekundu alilisukuma ganda kwa spoku likaanguka majini, chsss.

"Maji hayatalikaza tena?" nikauliza.

"Hiyo ni tabia ya chuma cha panga. Shaba haina tabia hiyo."

Yote 13 yalipanuka bila ufa. Jumamosi nikayapakia kwa kipimo cha chini kabisa cha kitabu, na kwa mara ya kwanza akanifuata uwanjani. Nilipovuta bolti, ganda likatoka na bega lililochongoka, mbavu zimenyooka. Nilitazama shabaha. Yeye aliliokota lingali na joto, akavaa miwani, akaanza kukagua shingo.