Kava ya filamu huharibikia mgongoni

Filamu za DVD zikishapangwa kwenye rafu, kinachoonekana siku zote ni mgongo wa kasha, ule ukanda wa milimita 14 wa ubavuni. Picha ya mbele unaiona unapotoa kasha. Mgongo unauona kila ukipita sebuleni. Lakini kava nyingi za kujitengenezea ninazoziona hapa Arusha, na Moshi pia, zimeanzwa na picha kubwa ya mbele, halafu mgongo ukajazwa mwishoni kwa herufi zilizobanana. Mimi nashauri uanze na mgongo, maana ndipo kazi nzima inapoharibikia.

Kwanza vipimo. Kasha la kawaida la DVD linapokea karatasi yenye upana wa milimita 273 na kimo cha 183, yaani mbele 129.5, mgongo 14, nyuma 129.5. Inaenea vizuri kwenye A4 iliyolazwa. Kasha jembamba lina mgongo wa milimita 7, na la Blu-ray linakaribia 270 kwa 149. Ila makasha ya madukani hayafanani, kwa hiyo usichukue namba hizi kama zilivyo. Kata ukanda wa karatasi ya kawaida, uingize nyuma ya nailoni ya nje, funga kasha, kisha pitisha ukucha kwenye pembe mbili za mgongo. Utoe, upime kati ya alama hizo. Ukikuta 13.5 au 15, hicho ndicho kipimo chako.

Kwenye kompyuta ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa. Kwa kasha la kawaida unapata 279 kwa 189, ambayo kwa pikseli 300 kwa inchi ni takriban 3295 kwa 2232. Programu ya GIMP inatosha kwa picha. Maandishi yapange kwenye programu ya Inkscape au Scribus, kwa sababu herufi zikigeuzwa pikseli, zile ndogo za nyuma hutoka na kingo zilizofifia.

Sasa mgongo wenyewe. Usibadilishe rangi pale pale kwenye mkunjo. Mgongo mwekundu ukikutana na mbele nyeusi, kosa la milimita moja tu litaacha uzi mwekundu unaochungulia mbele, na printa za steshenari huhama milimita moja bila shida. Acha rangi ya mbele izunguke hadi nyuma, au angalau mgongo na mbele viwe na rangi moja. Herufi ziache milimita 2 kila upande wa mgongo, maana yake kwenye mgongo wa 14 una 10 za kuandikia. Jina lisomeke kutoka juu kwenda chini, kama vitabu vyetu vingi. Diski nyingi za Ufaransa huandikwa kutoka chini kwenda juu, na ukizichanganya kwenye rafu moja utakuwa unageuza shingo kila saa.

Majina ya filamu yaheshimiwe. Alama ya ritifaa katika Vuta N’kuvute iwe ile iliyopinda kama mkia, siyo kijiti kilichosimama ambacho kibodi hutoa. Kwenye herufi za kimo cha milimita 8 tofauti hiyo inaonekana toka mlangoni. Na majina ya Kifaransa, Kipolandi au Kituruki yabaki na alama zake zote. Fonti za Noto na Gentium zinazo, na ni za bure.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi mgongo unavyoweza kuongoza kava nzima. La Noire de… ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1966, ni ya nyeusi na nyeupe, na ndani yake kuna kinyago kinachotundikwa kwenye ukuta mweupe wa nyumba ya Wafaransa huko Antibes. Kwa filamu hiyo ningechora kinyago peke yake, kidogo, juu kidogo ya katikati, na kila kitu kingine kiwe karatasi tupu. Karatasi yenyewe ndiyo ukuta. Mgongo unabaki mweupe na herufi nyeusi, pamoja na zile nukta tatu za mwisho ambazo ni sehemu ya jina. Hapo hakuna rangi ya kupasuka kwenye mkunjo wala mstari wa kuhama. Kava ya namna hiyo inaionyesha filamu jinsi ilivyo, na sura kubwa za waigizaji zilizopangwa kama bango la duka haziwezi kuifikia.

Ukitaka kutumia picha kutoka kwenye filamu, fanya hesabu kwanza. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza Shift na S kuhifadhi picha, na kabla yake D ikiwa kingo za vitu vinavyotembea zina meno kama kitana. Picha ya DVD ya PAL, mfumo wa televisheni wa picha 25 kwa sekunde, ni 720 kwa 576, na pikseli zake si mraba. Kabla ya kuiweka kwenye kava hakikisha ya skrini pana ina 1024 kwa 576, na ya skrini ya zamani 768 kwa 576. Ikibaki na 720, nyuso za skrini pana zitarefuka kama zimevutwa kidevu. Hata ikinyooshwa, pikseli 720 kwa uchapishaji mzuri ni milimita 61 tu. Ya Blu-ray ina kimo cha 1080, ukiijaza mbele nzima ya kasha la DVD unapata pikseli 150 kwa inchi. Inavumilika ukiigeuza kuwa ya rangi mbili au ya vitone, kwa sababu jicho linakubali vitone kuliko ukungu. Matukio ya usiku yapandishe mwanga wa katikati, yatatoka meusi kuliko unavyoona kwenye skrini. Chapa vipande vitatu vya viwango tofauti kwenye A4 moja, uchague mchana nje, siyo chini ya taa ya dukani.

Nyuma andika kidogo. Muhtasari wa maneno 60 kwa Kiswahili, mwongozaji, mwaka, lugha, manukuu na muda. Muda uandike wa diski uliyonayo, kwa sababu filamu ya dakika 100 iliyopigwa kwa picha 24 kwa sekunde hukimbia kwa 25 kwenye PAL na kuisha dakika ya 96. Herufi ndogo ziwe nyeusi tupu. Herufi nyeupe nyembamba juu ya nyeusi iliyochanganywa kwa rangi nne za printa huzibwa, kwani rangi hazitui mahali pamoja kabisa. Usiweke nembo za kampuni wala msimbo pau wa kubuni, na kava hizi ni za rafu yako, si za kuuza.

Steshenari ndipo penye hasara. Omba karatasi ya glosi au isiyong’aa ya gramu 130 hadi 150. Ya gramu 80 huonyesha mawimbi, ya zaidi ya 200 husukuma nailoni na mgongo unatuna. Usipeleke karatasi ya picha ya printa ya wino kwenye mashine ya leza. Ngozi yake huyeyuka kwenye joto la kukaushia na inaweza kung’ang’ania ndani, nawe utalipia mashine. Hakikisha wanachapa kwa asilimia 100. Kile kiboksi cha kubana ukurasa uingie kikiachwa kimewashwa, 273 inageuka 264 na kava inacheza ndani ya kasha. Toa nakala moja ya nyeusi na nyeupe kwanza, uipime kwa rula.

Mkunjo mweusi ukipasuka na kuacha mstari mweupe, chanzo ni nyuzi za karatasi. Tona, ule unga wa rangi wa mashine ya leza, hukaa juu ya karatasi, na A4 nyingi zina nyuzi zinazoenda kwa urefu, hivyo mgongo wako unazikunja kwa kuzikata. Dawa ni kuchapa kava mbili kwenye A3 moja, moja juu ya nyingine. A3 nyingi pia zina nyuzi za urefu, na ukiikata katikati nyuzi zinakwenda sambamba na mgongo. Chana kipande uhakikishe: karatasi huchanika moja kwa moja ikifuata nyuzi. Kisha weka magazeti mawili chini, karatasi nyembamba juu ya upande uliochapwa, na pitisha kalamu ya bic iliyoisha wino kwenye mistari ya mkunjo kwa rula ya chuma. Usiukandamize mkunjo kwa ukucha, acha kasha lenyewe liukunje.

Kata mwisho, kimo kikiwa 182.5 ili karatasi isigote juu ya nailoni. Wakati wa masika acha karatasi kwenye pakiti yake hadi dakika ya kuchapa, unyevu huikunja na mashine huila pembe. Na kama umetumia printa ya wino wa maji, rafu isitazame dirisha la jua la jioni: mgongo mwekundu ndio hupauka kwanza.