Figo za mama hazikufa, namba ndiyo iliyobadili nguo

Mama ana sukari mwaka wa kumi na moja sasa, na kila miezi mitatu hivi tunapima damu. Mara hapa Lamu, mara Malindi tukienda kwa dada. Hapo ndipo nilipoumbuka.

Majibu ya Malindi yalisema kreatinini, ile taka ya damu inayoonyesha hali ya figo, 1.1. Ya Lamu, miezi mitatu baadaye, 97. Nilisimama uwanja wa Mkunguni, karatasi mkononi, miguu haina nguvu. Ami, ambaye hakuna ugonjwa asioujua, akaitazama akasema, "Mwanangu, namba ikipanda ugonjwa umepanda. Figo hizi zimekwisha." Akataka nimpunguzie mama maji ya kunywa! Alhamdulillahi sikumsikiliza.

Alfajiri boti hadi Mokowe, kisha basi la Malindi: Witu, Garsen, njia nzima naomba dua kimoyomoyo. Mama yuko dirishani anakula mahamri aliyokatazwa, ananiuliza mbona nimenuna. Nauli, chakula na daktari, elfu sita au saba ziliondoka, sitaki hata kuhesabu.

Daktari akachukua simu, 97 akagawa kwa 88.4. Ikatoka 1.1 kasoro kidogo. "Sisi hapa tumeandika miligramu kwa desilita, wenzetu mikromoli kwa lita. Figo ni zile zile." Nikacheka hadi machozi, kisha nikakasirika. Kizio, yaani hizo miligramu na mikromoli, kilikuwa pale pale kwenye karatasi, herufi ndogo kama sisimizi. Mimi macho yangu kwenye namba tu.

Nikaanzisha daftari. La kwanza lilikuwa ujinga mtupu, tarehe na namba, pamoja na zile karatasi laini za mashine nilizozibandika kwa gundi kwa ustadi wa fundi seremala. Joto la Lamu likazifuta. Nimebaki na vipande vyeupe vilivyonyooka vizuri sana.

La pili ndilo hili. Jina la kipimo, namba, kizio, kiwango cha kawaida cha maabara hiyo hiyo, na kama mama alikuwa amekula. Picha napiga siku ile ile, ukurasa mzima, maana daktari akitumiwa kipande anarudisha maswali matano. Pembeni nimeandika hesabu zangu: sukari ya mmol/L zidisha kwa 18 upate mg/dL, kwa hiyo 7.2 ni kama 130. Ile ya wastani wa miezi mitatu, HbA1c, asilimia 7 ni sawa na 53 kwa wanaotumia mmol/mol. Daktari mwenyewe ameliomba alipige picha, nisijisifu.

Mpwa wangu wa kompyuta akanambia dunia nayo ina daftari lake la namba za vipimo, linaitwa LOINC, lilianzishwa 1994 na taasisi ya Regenstrief kule Indianapolis, ili mashine za hospitali mbalimbali zielewane. Kreatinini ya miligramu ni 2160-0, ya moli ni 14682-9. Kumbe! Hata Wamarekani wamezipa namba mbili, mimi nilaumiwe kwa lipi?

Juzi ami kaja na majibu yake, kayakunja mfukoni kama barua ya posa. Akanisomea, "Sukari, mia na ishirini na sita."

"Kizio gani, ami?"

"Wewe andika tu."

Nikalifunga daftari.