Uzito unaoshuka, kemu na flaiwili: hesabu kwanza, chuma baadaye

Michoro mingi ya mashine za uzito unaoshuka huharibika kabla chuma hakijakatwa, kwa sababu flaiwili, yaani gurudumu zito la kutuliza mwendo, imepewa kazi isiyo yake. Flaiwili haizalishi nishati. Inapokea ziada ya sasa hivi na kuirudisha punde, tena ikiwa imepungua. Chanzo ni kimoja tu: uzito ulioinuliwa kwa mkono. Kemu, yaani kipande kinachozunguka na kuinua kitu kwa pua zake, ikipewa kazi ya kuinua tena uzito uleule unaoiendesha, mashine itasimama, uifunge flaiwili ya ukubwa wowote.

Tuchukue mfano unaojengeka: nyundo ya nusu kilo, inainuliwa sentimita 4 na kuachiwa, pigo moja kila sekunde. Pigo moja linataka 0.5 × 9.81 × 0.04, yaani jouli 0.196 hivi. Uzito wa kilo 20 ukishuka mita 1.5 unatoa jouli 294. Chukulia nusu italiwa na msuguano wa gia na bushi. Zinabaki 147, sawa na mapigo 750, au dakika 12 na nusu. Anayetaka saa nzima atafute uzito au kimo cha karibu mara tano. Njia ya mkato hakuna.

Ngoma ya kamba yenye kipenyo cha sentimita 10 itazunguka chini kidogo ya mara 4.8 katika mita hiyo 1.5. Kemu yenye pua nne inahitaji mizunguko 187.5 kwa mapigo 750. Uwiano ni kama 39 kwa 1, na jozi mbili za gia za meno 75 kwa 12 zinautimiza vizuri. Shafti ya kemu itakwenda mizunguko 15 kwa dakika.

Kemu ndiyo inayostahili muda wako. Usiifanye iinue nyundo moja kwa moja sentimita 4, maana mteremko wa pua utakuwa mkali na kisukumwa, kile kinachoinuliwa na kemu, kitabanwa kando. Weka wenzo wa 1 kwa 4: kemu inainua milimita 10, nyundo inapanda 40. Nguvu kwenye kemu inakuwa nyutoni 19.6. Duara la msingi liwe na nusu kipenyo cha milimita 40, na kila pua ipande katika nyuzi 60. Uchoraji wake ni rahisi: kila nyuzi 6, ongeza milimita 1. Vitabu hupenda mikunjo laini ya saikloidi, inayoanza na kumaliza mpando taratibu, na kwa kemu za injini vina haki. Kwa mwendo huu wa pole mkunjo huo ni hasara, kwa sababu katikati ya mpando unadai nguvu ya kuzungusha mara mbili ya wastani. Mpando wa mwendo sawa, uliolainishwa mwanzoni na mwishoni, unatosha.

Baada ya kilele, kata ukuta wa ghafla, ulioingia ndani kidogo. Nyundo inaanguka kwa sekunde 0.09, na kemu wakati huo imesogea nyuzi 8 tu, kwa hiyo nyuzi 30 zilizobaki kabla ya pua inayofuata zinatosha. Nyundo iishie kwenye kinachogongwa, si kwenye kemu; acha nafasi ya milimita moja, la sivyo pua zitachimbika. Roli kubwa, yaani kigurudumu cha kisukumwa kinachopita juu ya kemu, nayo haifai. Inateremka taratibu juu ya ncha na kulidhoofisha pigo.

Sasa flaiwili. Uzito wa kilo 20 unaleta kwenye shafti ya kemu nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 0.126 baada ya msuguano. Mpando unadai 0.187. Pengo hilo katika nyuzi 60 za mpando, jouli 0.065 kwa kila pigo, ndilo kazi yote ya flaiwili. Ukitaka kasi iyumbe asilimia 10 tu, shafti ya kemu inahitaji flaiwili yenye ukingo wa kilo 6.6 kwenye nusu kipenyo cha sentimita 20. Ihamishie kwenye shafti iendayo kasi mara 6.25 zaidi, na kilo 0.68 kwenye sentimita 10 inatosha. Gharama yake ni jozi nyingine ya gia: msuguano unaongezeka, na meno yanagongana kila flaiwili inapogeuka kutoka kusukumwa hadi kusukuma. Punguza uwazi kati ya meno ya jozi hiyo kuliko zote. Na usiitegemee kama akiba: ndani yake mna jouli 0.33 tu, zisizotosha mapigo mawili.

Kuna kitu ambacho wengi husahau: kidhibiti kasi. Hesabu ya juu imelingana bila ziada, na mafuta yakiganda kidogo mashine inakwama. Panda hadi kilo 25, kisha ziada iliwe na mabawa mawili ya bati kwenye shafti ya kasi. Yapanue mwendo ukizidi, yapunguze ukipungua. Mashine nzima inatumia karibu nusu wati.

Hata kwa kilo 25, nguvu ya kuzungusha ni 0.157, bado chini ya 0.187. Maana yake mashine ikisimama katikati ya mpando haitaanza yenyewe. Weka pini ya kuifunga mahali ambapo wenzo umeshuka, na uisukume flaiwili kwa mkono inapoanza. Kwenye ngoma weka racheti ya kupandishia, yaani gurudumu la meno lenye kizuizi cha upande mmoja, na chini ya uzito sanduku la mchanga: jino moja likivunjika, kilo 25 zinashuka zote kwa mkupuo.