Siku Moja ya Juni na Mbayuwayu Zambarau, Pennsylvania

Saa 10 alfajiri. Bado giza juu ya vibuyu tunavyowatundikia mlingotini wajenge viota, lakini madume wazima wa mbayuwayu zambarau wako angani wanaimba. Wimbo wa saa hizi huwaita mbayuwayu waliozaliwa mwaka jana, ambao hurudi kutoka Amerika Kusini wakiwa wamechelewa na hawana makao.

Saa 12 asubuhi. Darubini mkononi, naangalia nani anabeba nini. Mbayuwayu akiingia na majani mabichi, kutaga kumekaribia au kumeanza. Anayeburuta nyasi kavu na manyoya ni shomoro, na tundu lake litasafishwa leo leo, kwa sababu shomoro hutoboa mayai ya jirani. Kwezi ni hatari zaidi. Huyu aliletwa kutoka Ulaya na kuachiliwa New York mwaka 1890, na huua hata mbayuwayu wazima. Tundu la duara la sentimita 5.4 anapita bila taabu. Ndiyo maana milango yetu ina umbo la hilali, kimo sentimita 3 tu: mbayuwayu anajibana, kwezi anakwama. Ukingo wake wa chini usizidi sentimita moja juu ya kibaraza, yaani kibao cha kutua mbele ya mlango.

Saa 4 asubuhi, ukaguzi. Hii ndiyo kazi yenyewe, na nyumba isiyoshuka kwa winchi wala kufunguka haifai kujengwa. Mashariki ya milima ya Rocky ndege hawa wanategemea karibu kabisa makao yanayotengenezwa na watu, kwa hiyo uzembe wetu unawaua. Kila kibuyu kina namba, na kila baada ya siku 5 hadi 7 naandika: mayai mangapi (meupe pepe, kwa kawaida 4 au 5), makinda wa umri gani. Mayai hulaliwa siku 15 au 16. Makinda huruka wakifikisha takriban siku 28. Wakipita siku 22 siwafungulii tena, maana hushtuka wakaruka kabla mbawa hazijakomaa. Kiota kikijaa utitiri au funza wa nzi, makinda wanakaa ndani ya ndoo kwa muda mfupi, natupa uchafu wote, natandaza maranda makavu ya kina cha sentimita 3, kisha nawarudisha kibuyu kilekile. Kabla ya kupandisha, nalinganisha alama ya rangi kwenye mlingoti: fremu ikigeuka upande, wazazi hawapati mlango wao.

Saa 8 mchana, vibuyu vipya. Kimoja huloweshwa dakika 15 kwenye mrututu (chumvi ya shaba), karibu nusu kilo kwa lita 19 za maji ya uvuguvugu, ili kisioze. Ndoo iwe ya plastiki, kwani mrututu hula chuma. Glavu ni lazima. Kikikauka natoboa matundu ya kutolea maji chini, ya hewa chini ya shingo, halafu napaka rangi nyeupe kupunguza joto.

Saa 11 jioni. Maganda ya mayai yaliyopondwa yanaongezwa kwenye sinia, ili mbayuwayu wapate kalsiamu. Hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 10 wadudu hawaruki. Hapo mbayuwayu hurushiwa nyenje hewani kwa kijiko.

Saa 2 usiku. Naukagua mlingoti: kikinga cha bati dhidi ya rakuni (mnyama mwindaji anayepanda miti), wavu wa nyoka chini yake, na tawi lolote lililosogea ndani ya mita 12 linakatwa.